Aplikesheni au Kivinjari: Nani Amwite Mwenzake?

Katika toleo hili nimeombwa nieleze jambo ambalo kila mwenye simu analifanya bila kulifikiria sana. Mijadala yetu ya mtandaoni, ya darasani na ya nyumbani, tuifuate kwa kupakua aplikesheni kwenye simu, au tuifungue kwa kivinjari, ile brauza tuliyoizoea tangu enzi za intaneti kafe?

Wengine mtasema, hilo nalo ni swali? Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka liliponigharimu alama.

Muhula wangu wa kwanza hapa nilikuwa na somo ambalo mjadala wa mtandaoni ulihesabiwa kwenye matokeo. Kila wiki mwalimu anaweka swali, unaandika jibu la maneno mia tatu au zaidi, unawajibu wenzako wawili, na mlango unafungwa saa tano na dakika 59 usiku wa Jumapili. Jumapili moja nilikuwa kazini kwenye ghala moja upande wa Fort Worth. Wakati wa mapumziko nikakaa kwenye ngazi, nikafungua aplikesheni ya masomo, nikaandika jibu lote kwa dole gumba. Nilipofika sentensi ya mwisho, simu ya mjomba ikaingia kutoka Tanga, ambako tayari kulikuwa kunapambazuka Jumatatu. Mjomba huwezi kumkatia. Nikapokea, tukasalimiana, nikampa habari za huku. Niliporudi kwenye jibu langu nikakuta ukurasa mweupe. Kengele ikalia, mapumziko yakaisha, na wiki ile nikapata sifuri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku hiyo hiyo nilikuwa nimesoma meseji zaidi ya mia mbili za kundi la ukoo, na hakuna hata moja iliyopotea. Za ukoo zilinifuata zenyewe mfukoni. Ya shule, ambayo ndiyo iliyonileta Marekani, niliifanya kwa haraka kwenye ngazi.

Toka hapo nikaanza kuchunguza vyombo hivi viwili vinafanyaje kazi. Nilichojifunza kwa kifupi ni hiki: aplikesheni inakuita wewe, kivinjari unakiita wewe. Ukiliweka hilo kichwani, mengine yote yanafuata.

Tofauti yao ni nini hasa?

Kivinjari ni programu moja inayofungua kurasa za watu wote. Chrome, Safari, Firefox na Opera ni vivinjari. Unaandika anwani, kinakwenda kuuliza kwenye seva, kinaletewa ukurasa, kinakuonyesha. Ukikifunga, ndani ya simu kinabaki kidogo tu: historia ya ulikopita, baadhi ya picha, na vile vijifaili vidogo vinavyokumbuka kwamba ulishaingia kwa neno lako la siri.

Aplikesheni ni programu ya huduma moja. Unaipakua kutoka duka la Apple au la Google, inahamia ndani ya simu, inachukua nafasi yake, na inaweza kukuomba ruhusa ya kugusa kamera, kinasa sauti, orodha ya namba zako na mahali ulipo. Lakini tofauti kubwa kabisa ni arifa. Simu yako hudumisha mawasiliano na seva za Apple au za Google muda wote, na arifa za aplikesheni nyingi hupita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana meseji inaingia na simu inatetemeka hata kama aplikesheni yenyewe hujaifungua tangu jana. Kivinjari hakina tabia hiyo mpaka wewe mwenyewe ukiruhusu ukurasa fulani ukutumie arifa.

Inafaa kukumbuka kwamba mambo hayakuanza hivi. iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na duka la aplikesheni. Steve Jobs aliwaambia watengenezaji programu watengeneze kurasa zitakazofunguka kwenye Safari. Duka likafunguliwa tarehe 10 Julai 2008 likiwa na aplikesheni kama 500, na la Android likafuata mwaka huo huo.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. Wengi wetu tuliingia mtandaoni kwa simu ndogo za vibonyezo tukitumia Opera Mini, iliyotolewa duniani kote mwaka 2006. Opera Mini iliupitisha ukurasa kwenye seva zake kwanza, ikaubana, ndipo ikauleta kwenye simu, kwa hiyo salio dogo lilikwenda mbali. JamiiForums ilikulia katika kipindi hicho. Ilianza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, na mwaka 2008 ikabadilishwa jina. Wakenya nao walikuwa na Mashada, ambayo Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilifungwa kwa muda kwa sababu matusi ya kikabila yalishindikana kuzuiwa. Mtu wa Mwanza, mtu wa Nakuru na mtu wa Houston walikutana kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja kwa chombo alichonacho. Aplikesheni zilikuja baadaye.

Pale aplikesheni inaposhinda

Nisije nikaeleweka vibaya, aplikesheni siichukii. Kuna kazi ambazo bila aplikesheni utahangaika.

Ya kwanza ni habari ya dharura. Msiba ukitokea nyumbani, au mwalimu akihamisha mtihani, hutaki kuikuta habari hiyo siku utakapokumbuka kufungua kivinjari. Unataka kuitwa. Ya pili ni sauti na picha. Bibi ambaye kusoma kunampa tabu anabonyeza kitufe, anasema neno lake, nawe unalisikia ukiwa kwenye foleni ya I-35. Ya tatu ni kufanya kazi pale mtandao unapokatika, kwa sababu aplikesheni nyingi huhifadhi ulichokwisha kukipokea, ukakisoma hata ukiwa huna mtandao.

Ya nne ni usafiri, na hapa wanafunzi wa Arlington watanielewa haraka. Arlington ni mji wa watu karibu 400,000, una chuo kikubwa cha UTA, lakini hauna mabasi ya mji yanayopita kwa ratiba kama tulivyozoea daladala na matatu. Desemba 2017 mji ulianzisha vigari vya kuitwa kwa kushirikiana na kampuni ya Via. Unasema uko wapi na unakwenda wapi, kigari kinakuja karibu na ulipo. Kazi kama hiyo inahitaji simu ijue umesimama wapi na ikuite gari likifika, na hapo aplikesheni ndiyo mahali pake. Asiye na simu janja anaweza kupiga simu ya kawaida. Upande wa Dallas na Fort Worth nako, wengi hununua tiketi za treni na basi kwa aplikesheni ya GoPass.

Watu wa Houston nao wana kisa chao. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga, na wateja zaidi ya milioni mbili wa kampuni ya umeme ya CenterPoint wakabaki gizani katika joto la Julai. Ile ramani ya mtandaoni ya kampuni hiyo, inayoonyesha mitaa iliyokatiwa umeme, ilikuwa imeondolewa tangu dhoruba ya Mei mwaka huo. Basi watu wakagundua kwamba aplikesheni ya Whataburger, wauza baga, inaonyesha matawi yaliyo wazi kwa rangi ya chungwa na yaliyofungwa kwa kijivu. Penye chungwa kuna umeme, penye kijivu huenda hakuna. Jiji zima likaanza kusoma hali ya umeme kwa ramani ya baga!

Tukio hilo lilichekesha, lakini lina funzo. Aplikesheni ile haikushinda kwa sababu ni aplikesheni. Ilishinda kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu anayeweka taarifa sahihi kwa wakati. Kwa hiyo kabla hujauliza nitumie chombo gani, uliza kwanza taarifa yenyewe inatoka kwa nani.

Pale kivinjari kinaposhinda

Kivinjari ni cha kazi ya kukaa chini na kutulia. Mjadala wa darasani ni kazi ya namna hiyo. Kwenye kompyuta ya maktaba unafungua swali la mwalimu upande mmoja, makala uliyopewa kusoma upande wa pili, na majibu ya wenzako kwenye ukurasa wa tatu. Unasoma kuanzia juu mpaka chini, unatafuta neno ndani ya ukurasa, unanakili nukuu bila kuikosea. Kwenye simu unaona mistari michache tu, na kabla hujaimaliza arifa ya kundi la mpira inashuka kutoka juu.

Hata hivyo, msidhani kivinjari hakipotezi kazi. Nacho kinapoteza. Dawa yake ni moja na ni ya bure: jibu lolote linalozidi aya moja liandike kwanza kwenye hati yako mwenyewe inayojihifadhi, halafu nakili, bandika na utume. Baada ya kutuma, fungua upya ukurasa uhakikishe limeonekana. Tangu nianze utaratibu huo sijapata sifuri nyingine ya aina ile.

Faida nyingine ni kwamba kivinjari hakikuombi vitu vingi. Kikundi cha majadiliano unachokitembelea mara moja kwa mwezi hakina sababu ya kujua namba zote za shangazi zako. Kifungue kwa kivinjari, soma, toka. Ukitumia kompyuta ya chuo, toka kabisa kwenye akaunti kabla hujaondoka. Lile dirisha la faragha linafuta historia kwenye kompyuta ile tu. Haliwazuii wenye mtandao wa chuo kuona umetembelea tovuti gani.

Kuna pia njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Tovuti nyingi unaweza kuziweka kwenye skrini ya mwanzo ya simu kama alama ndogo, ukabonyeza ikafunguka kama aplikesheni, huku ikiwa ni ukurasa tu. Kwa wenye iPhone, tangu toleo la 16.4 la Machi 2023, ukurasa uliowekwa hivyo unaweza hata kukutumia arifa ukiuruhusu. Unapata wito kidogo bila kuijaza simu.

Usimsahau wa upande wa pili

Sasa tuje nyumbani, maana mjadala si wa mtu mmoja. Sisi huku tumezoea mtandao wa chuo, bure na wa kasi, tukasahau kwamba ndugu yetu analipia kila megabaiti. Unaweza kuchagua chombo kinachokufaa wewe na ukawa umemfungia mlango mama yako.

Mfano ambao wengi wetu tumeukosea: kampuni za simu Afrika Mashariki huuza mabando ya mitandao ya kijamii peke yake. Mtu ananunua bando la WhatsApp, anaongea siku nzima. Wewe unatuma kiungo cha habari muhimu, labda maelekezo ya viza ya mdogo wako, halafu unakasirika mbona hawajibu. Jamani, bando la WhatsApp halifungui kiungo! Kiungo kinafunguka kwenye kivinjari, na kivinjari kinataka bando la kawaida. Maneno yenyewe yanakili, uyabandike ndani ya meseji. Hiyo ndiyo adabu ya mtandaoni kwa mtu wa bando dogo.

Halafu kuna mambo ya serikali na kodi. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao kama hiyo, na kodi hiyo ikaondolewa Julai 2021, nafasi yake ikachukuliwa na tozo ya asilimia 12 kwenye intaneti. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Uganda ikafunga Facebook. Tanzania ilizuia mtandao wa X Mei 2025, na Septemba mwaka huo huo JamiiForums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90. Huduma ikizuiwa namna hii, mara nyingi aplikesheni yake na ukurasa wake hufungwa pamoja, kwa hiyo kuhama kutoka kimoja kwenda kingine hakukusaidii kitu.

Wengi wetu huku tunakimbilia kumwambia ndugu, weka VPN. Tuwe waangalifu. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Wewe uko Houston salama, mwenye simu yuko Dodoma. Ushauri unaoutoa bila kufikiri atakayeulipia ni yeye. Mweleze hali ilivyo, uamuzi uwe wake.

Jambo la mwisho upande huu ni kumbukumbu. Makundi yetu ya WhatsApp ni mazuri kwa wito, na tangu 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Lakini yaliyosemwa Agosti iliyopita yamezama. Kila Agosti wageni wanafika na maswali yale yale: namba ya Social Security naiombaje, bima ya chuo inalipa nini, nyumba ya bei nafuu karibu na treni iko wapi. Kila Agosti wakongwe wale wale wanajibu upya, mpaka wanachoka na kunyamaza. Chama chetu kikiandika majibu hayo mara moja kwenye ukurasa mmoja unaofunguka kwa kivinjari, halafu kiungo chake kikabandikwa juu ya kundi, mgeni atasoma kwa utulivu na mkongwe atapumzika. Aplikesheni imwite, ukurasa umfundishe.

Viungo vya michango na macho ya watu

Tunaoishi ughaibuni tunajua maana ya kuchangiana. Mtu akifariki hapa, kusafirisha mwili ni gharama kubwa, na kundi la michango linafunguliwa usiku huo huo. Matapeli wanajua kwamba wakati wa msiba hatuulizi sana. Kiungo kinakuja, picha ya marehemu ipo, unabonyeza, unaweka namba ya kadi.

Hapa kuna ujanja wa kiufundi unaofaa kuujua. Ukibonyeza kiungo ndani ya baadhi ya aplikesheni, hakifunguki kwenye kivinjari chako. Kinafunguka kwenye kijivinjari kilichofichwa ndani ya aplikesheni yenyewe. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba vijivinjari vya Instagram, Facebook na TikTok viliingiza msimbo wao kwenye kurasa za watu wengine, na msimbo wa namna hiyo unaweza kufuatilia unachobonyeza. Tena mara nyingi anwani kamili huioni vizuri.

Kwa hiyo kiungo chochote cha pesa kinakili, ukifungue mwenyewe kwenye Chrome au Safari, na uisome anwani herufi kwa herufi. Kama kivinjari chako huhifadhi maneno ya siri na ghafla hakitaki kujaza la benki yako, simama hapo. Pengine kimegundua kwamba anwani si ile. Halafu pigia simu mtu wa familia ya marehemu unayemjua kwa sauti. Kuchelewa dakika tano kuchangia si dhambi.

Viza na uwanja wa ndege

Najua swali hili mnalo, ingawa wengi hawaliulizi hadharani. Kwamba ukifuta aplikesheni kabla ya kupanda ndege, umefuta yote uliyoyasema?

Hapana. Kufuta aplikesheni ni kutoa chombo ndani ya simu. Akaunti ipo, na maneno yako yapo kwenye seva. Tangu 2019 fomu ya viza ya Marekani, DS-160, inauliza majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii ndani ya miaka mitano iliyopita. Juni 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba waombaji wa viza za F, M na J wataelekezwa waweke kurasa zao za kijamii wazi zionekane na watu wote. Kinachoangaliwa ni akaunti, haijalishi uliifungua kwa aplikesheni au kwa kivinjari. Kwa hiyo usije ukaacha kutaja akaunti kwa hoja kwamba haimo kwenye simu yako. Kusema uongo kwenye fomu ni kosa kubwa kuliko maneno mengi unayoyaogopa.

Kwenye kiwanja cha DFW au cha George Bush pale Houston, maafisa wa mpakani wana mamlaka ya kukagua simu. Utaratibu wao wa mwaka 2018 ulisema wakague kilichomo ndani ya kifaa, mawasiliano ya mtandao yakiwa yamezimwa. Hapo tofauti ya vyombo vyetu inaonekana: meseji za kundi, na picha zote ambazo aplikesheni ilizihifadhi yenyewe bila kukuuliza, zimo ndani ya kifaa. Picha ya vurugu aliyoituma mtu usiyemjua kwenye kundi la watu elfu moja inakaa kwenye simu yako kama vile umeipiga wewe. Zima kuhifadhi picha kwa otomatiki leo, si usiku wa safari, na utoke kwenye makundi usiyoyahitaji. Hayo ni mambo ya usafi wa kila siku wala si ya kujificha. Ukiwa na wasiwasi kuhusu hali yako mwenyewe, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako au kwa mwanasheria wa uhamiaji. Usichukue ushauri wa kwenye kundi.

Siku vyote viwili vikinyamaza

Februari 2021 Texas ilipigwa na baridi ya ajabu, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Simu bila chaji ni kipande cha kioo tu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Huku ughaibuni watu walikaa wakitazama alama moja ya tiki kwenye meseji zao.

Siku kama hizo ndipo unapogundua kwamba namba ya simu ya mama huijui. Umeizoea picha yake ndani ya aplikesheni, unabonyeza uso wake. Namba yenyewe ya kupiga simu ya kawaida, na ya jirani yake, hujaiandika popote. Iandike. Kwenye karatasi, kwa kalamu, uiweke ndani ya pasipoti.

Kwa hiyo nifanyeje?

Huu ndio utaratibu wangu kwa sasa. Mwenye wake bora aongeze.

1. Arifa nimeziruhusu kwa watu na mambo ambayo yakinihitaji ni lazima niache ninachofanya: nyumbani, mwalimu, kazini, usafiri. Aplikesheni nyingine zote zipo kimya.

2. Mijadala ya darasani naisikia kwenye simu, naijibu kwenye kompyuta kwa kivinjari, na jibu naliandika kwanza kwenye hati yangu.

3. Mijadala ya siasa na mpira wa nyumbani naifungua kwa kivinjari, kwa saa yangu, nikishamaliza kazi za shule. Aplikesheni zake nilizifuta. Sijapungukiwa na habari hata moja, ila nimeokoa jioni nyingi.

4. Ninapowatumia wa nyumbani, natuma maneno yenyewe na picha iliyopunguzwa, si kiungo kitupu.

5. Kiungo cha pesa sikifungui ndani ya aplikesheni.

6. Kila mwisho wa muhula napitia orodha ya aplikesheni na ruhusa zake. Isiyotumika inaondoka.

Mjomba wa Tanga, kwa taarifa yenu, bado anapiga simu Jumapili usiku, na bado napokea. Tofauti ni kwamba siku hizi jibu la darasani linakuwa limeshatumwa tangu Jumamosi, kwa hiyo tunaongea mpaka anachoka yeye.